Nati za Jumamosi

Robi alinipigia simu saa mbili asubuhi, nikiwa nimeketi uani kwangu Mugumu nachambua mchele. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Mzee ametutoka." Nilibaki na ungo mapajani. Nilipaswa kulia, maana nilimpenda mzee yule kuliko ndugu zangu wengi, lakini kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa kilio. Nilisikia nafuu, kama mtoto aliyekaa nje ya ofisi ya mkuu wa shule tangu asubuhi, kisha akaambiwa mkuu amesafiri. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mwalimu wa hesabu aliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo wa penseli na kifutio, anaambiwa mtu amekufa, naye anashusha pumzi. Nilijichukia hapohapo. Niliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, nikaenda kutafuta usafiri.

Mzee huyo aliitwa Ryoba, baba yake Robi. Nyanungu yote, kijijini kwetu, ilimjua kwa viatu vya mbao, vile virefu wanavyovaa wanaume wetu kwenye ngoma ya ritungu, vinavyomwongezea mtu kimo na kugonga ardhi kwa mlio mmoja. Alivichonga tangu ujana wake hadi mwaka alipoweka tezo chini asiishike tena. Ndio mwaka ambao mkewe, Nyangi, alifariki katika ajali ya pikapu, na watu wakaamini kwamba kilichomuua ni mbao iliyochongwa na mumewe kwa mkono wake. Waliamini hivyo kwa sababu mimi niliwaambia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa najiandaa kumwambia Ryoba ukweli, na kila nilipofika kwake nilikula chakula, nikaaga, nikarudi Mugumu. Sasa hakuwepo tena wa kumwambia, na nafuu yangu ilitoka hapo.

Kwenda msibani nilikodi pikapu ya kijana mmoja wa Sirari anayefanyia kazi zake Mugumu. Ilikuwa gari kuukuu, lakini alikuwa ameiinua juu mpaka nikaletewa kigoda cha kupandia. "Mama, usiogope barabara," aliniambia, akipigapiga usukani. "Hii gari nimeiinua inchi tatu. Vyuma vyote vimetoka Kenya, orijino. Ikikwama leo nakurudishia pesa yako." Nilimuuliza nati za yubolti, zile bolti zilizopinda zinazobana springi kwenye ekseli, huzikaza kila baada ya muda gani. Alinigeukia kama mtu aliyesikia ng'ombe akiongea. "Kwani mama wewe ni fundi?" Nikamwambia ajibu swali. Akacheka, akasema wakati wa sevisi, na nilipomuuliza sevisi ilifanyika lini, akawasha redio. Tulipofika kwenye mteremko wa Manchira nilimwambia asimamishe gari, na sikutumia sauti ya kuomba. Alishuka na spana yake akinung'unika kuhusu wazee wanaolipa nusu na kuamuru mara mbili. Niliangalia maji ya bwawa kwa mbali, sikutaka kuangalia barabara. Aliporudi hakuwasha redio tena. "Moja ilizunguka kidogo," alisema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, naishi kwa kaka yangu Mwita pale Nyanungu. Chumba changu kilikuwa kimoja na magunia ya mtama, na usiku panya walinipita miguuni kama abiria wenye haraka. Mwita alikuwa na pikapu ya rangi ya maziwa iliyobabuka, mlango wa kushoto ukifungwa kwa waya, na ndiyo ilikuwa gari pekee iliyothubutu kufika kwetu. Alhamisi ilikwenda Tarime, Jumamosi Mugumu. Ilipeleka mahindi, kuku, watu waliokwenda sokoni na watu waliokwenda hospitali, wote pamoja, na aliyeumwa ndiye aliyekaa mbele. Shida ilikuwa tumbo lake. Springi zilikuwa zimechoka, na mvua ikinyesha ule udongo wetu mweusi ulifanya mifereji mirefu ambamo magurudumu yalizama na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, kubaki limekalia tuta la katikati. Wanaume walizoea kumtania kaka yangu. "Mura, gari yako ina mimba ya miezi mingapi?" waliuliza, na Mwita, mtu mkubwa asiye na haraka, alijibu kwamba muulizaji ndiye baba.

Utani uliisha siku ile ya vuli tulipokwama kwenye kijito tukiwa na mtu aliyevunjika paja. Walijaribu kumbeba mikononi, akapiga kelele mpaka kuku wakanyamaza. Mwisho walimbeba kwenye mlango walioung'oa katika nyumba ya jirani, wakatembea naye kutoka mchana hadi jua lilipokaribia kuzama. Mtu huyo aliishi, lakini mguu haukurudi. Jioni ile tulikula ugali wa mtama na dagaa, na katikati ya chakula Mwita akaweka tonge chini. "Lazima tuliinue," alisema. Alikuwa ameona magari ya watu wa mbugani yaliyoinuliwa, yanapita kwenye matope kama ng'ombe anayevuka mto. Hakuwa na fedha ya vyuma vya magari yale na alijua hivyo. Aliuza mtamba mmoja, nami nikatoa fedha niliyokuwa nimeficha kwa ajili ya sanduku la chuoni.

Fundi aliyetusaidia ni Fundi Idi wa Tarime, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, ambaye baba yake alikuja kutoka Tanga na hakurudi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye harufu ya grisi na kahawa. Kwenye kona moja palikuwa na springi za malori zilizorundikwa, kwenye kona nyingine mswala uliokunjwa juu ya boksi safi. Kabla ya kuangalia gari alitupa kahawa na kashata, akatuuliza habari za mifugo, akaenda kuswali, akarudi, ndipo akalala chini ya gari. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mbele angeongeza majani mawili ya springi kutoka kwenye lori lililokufa. Bomba la breki la nyuma lilikuwa fupi mno kwa kimo kipya, angelibadilisha. Nyuma inawekwa kipande kati ya ekseli na springi, kinabanwa kwa yubolti ndefu. "Lakini kipande hicho ni chuma, bwana Mwita," alisema akijifuta mikono. "Chuma cha kuchongwa Mwanza, na kinatobolewa tundu kwa kipimo. Ningojeeni mwezi mmoja na nusu." Mwezi mmoja na nusu ulimaanisha masika kutukuta gari ikiwa vilevile. Na baada ya tairi nne zilizotumika, yubolti na bomba, hatukuwa na cha kununulia chuma hicho hata kingekuwa rafuni siku ile.

Ryoba ndiye aliyekuja na wazo la mbao. Nyumba yake ilikuwa jirani na yetu, na chumba chake cha kuchongea kilikuwa na mlango mpana uliotazama njia, kwa hiyo hakuna jambo la kijiji lililompita. Nilipenda kukaa mle. Sakafu ilikuwa laini kwa maganda ya mbao, viatu vilivyomalizika vilisimama ukutani viwiliviwili, na Nyangi, mkewe, alikuwa akituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu huku mtoto wao Robi akiwa mgongoni. Nyangi alikuwa na umri wa miaka labda ishirini na sita. Alicheka kwa mabega kabla ya kucheka kwa mdomo. Siku Mwita alipokwenda kulalamika kuhusu chuma cha Mwanza, Ryoba alichukua kiatu kimoja ukutani akakiweka chini. "Panda," alimwambia. Mwita akapanda, na uzito ule wote. "Ruka." Mwita akaruka mara tatu. Ryoba alikigeuza kiatu akatuonyesha soli, hakuna hata mstari. "Mwanaume anaruka juu ya hiki kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe warudi, juu ya mawe, miaka kumi. Umewahi kusikia kimepasuka? Gari linaruka kuliko Mkurya?" Wote waliokuwa mle walikubali. Watu wa mahali pengine wangecheka, najua, lakini sisi tulikuwa tumekua tukiviona viatu vile, na hakuna aliyewahi kukiona kilichopasuka.

Alichonga vipande viwili kwa siku nne, kutoka mti ambao hakuwahi kuutaja jina kwa mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo ilikuwa siri ya kazi yake. Kila kimoja kilikuwa na unene wa ngumi moja na nusu, kimepakwa mafuta ya ng'ombe mpaka kikang'aa, na katikati kina tundu la kuingilia kichwa cha bolti ya springi. Fundi Idi alipoviona alivigeuza mikononi kwa muda mrefu. Alivisifu kama mtu anayesifu mtoto mzuri aliyetumwa mahali asipopaswa kwenda. "Kazi safi," alisema, "lakini mimi sifungi." Mwishoni alifunga, kwa sababu Mwita alisema angefunga mwenyewe kwa nyundo. Alipomaliza aliniita mimi, si kaka yangu. Nadhani aliona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika vipimo kwenye daftari. Alinipa spana ndefu iliyochakaa. "Binti, sikiliza. Mbao hunywa maji, ikavimba, ikabana. Jua likija inakauka, inapungua, nati zinabaki hazina cha kushika. Nati nane, kila wiki, usiruke hata moja. Siyo yeye, wewe." Nikasema ndiyo, fundi. Akaniambia nirudie, nikarudia kama mwanafunzi.

Basi Jumamosi zikawa zangu. Gari ilikuwa imeinuka kiasi cha mimi kuingia chini yake bila jeki, na nilikuwa mwembamba siku hizo, msinicheke. Kabla jua halijakolea nililaza gunia chini, nikaingia, nikatia spana kwenye nati moja baada ya nyingine na kuivuta kwa miguu na mikono. Nilijivuna sana. Wanawake waliokuja kungojea gari waliona miguu yangu tu imetoka nje, wakaniita bwana fundi, wakauliza mahari yangu italipwa kwa ng'ombe au kwa betri. Kila Jumamosi asubuhi Ryoba alisimama mlangoni kwake na kuuliza kwa sauti, "Gati, zimeshika?" nami nikajibu nikiwa chini, "Zimeshika, tata!" kama mtoto anavyomjibu baba yake. Masika yalikuja, yakanyesha kama yaliyotumwa, na gari yetu ikapita. Ilipita kijito, ilipita mifereji, ilipita njia ya Itiryo ambako hata trekta lilikuwa limelala. Ilikuwa imevaa viatu vya ngoma, watu walisema, na watoto walituimbia tukipita. Katika masika yale tulipeleka wajawazito wanne hospitali na wote walirudi na watoto. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka.

Kwa Jumamosi kumi na moja hakuna nati iliyosogea. Nilivuta mpaka mishipa ikanisimama shingoni, spana ikakataa. Nikaanza kuona kwamba Fundi Idi alikuwa na woga wa kizee. Halafu mvua zikakatika ghafla, na kwa muda wa siku kumi likawaka jua la kupasua midomo. Jumamosi ya kumi na mbili nilikuwa na safari yangu mwenyewe. Kulikuwa na mwalimu kijana wa Mugumu aliyekuwa amenipelekea salamu mara mbili, na siku ile dada zake wangekuwa sokoni ili wanione. Nilikuwa na kitenge kipya cha rangi ya machungwa. Nilikuwa nimeosha nywele, nimejipaka mafuta. Nilisimama kando ya gari, nikaangalia gunia, nikaangalia kitenge. Nilijiambia kwamba hazijasogea mara kumi na moja, zitakumbukaje kusogea leo. Nilikwenda kunywa uji.

Nyangi alikuwa anasafiri nasi. Alikuwa amebeba jozi kumi na mbili za viatu vya mumewe, amezifunga kwa kamba, kikundi cha ngoma cha Mugumu kilikuwa kimeziagiza. Robi alimwachia bibi yake kwa kuwa alikuwa na homa kidogo. Ryoba alisimama mlangoni pake kama kawaida, lakini hakuona miguu yangu chini ya gari, aliniona mimi nimesimama wima nimependeza. Hakuniuliza mwenyewe. Labda aliona aibu kumuuliza msichana aliyevaa vile habari za nati. Alimnong'oneza mkewe, na Nyangi akaja akicheka kwa mabega. "Gati, mwenzangu anauliza, umekaza?" Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. "Nimekaza," nilisema, kwa sauti ya kutosha mumewe asikie kule mlangoni. Nyangi aligeuka akampungia mkono. Kisha akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia la mahindi upande wa kushoto, akavuta vile viatu karibu na miguu yake.

Ilitokea kwenye mteremko wa kuelekea Manchira, saa tano hivi, jua kali na barabara kavu. Nilikuwa mbele na Mwita na mzee mmoja aliyeumwa macho. Nilisikia mlio wa kitu kigumu kikigonga chini yetu mara mbili, halafu nyuma ya gari ikahama. Ekseli iliteguka upande wa kushoto, na Mwita alishika usukani ambao haukuwa tena na kazi. Gari ilipanda ukingo, ikasita kidogo, ikalala ubavu. Ubao wa bodi ulivunjika kwa kishindo, na ndicho kishindo ambacho kila mtu alikumbuka. Nilitoka kupitia dirishani. Watu walikuwa wanapiga kelele kwa Kikurya, mwingine alikuwa anakusanya kuku. Viatu vilikuwa vimetawanyika barabarani, vingi vimesimama wima juu ya soli zake. Nyangi alikuwa chini ya ukingo wa bodi na hakuwa anapiga kelele. Mwita, mkono wake umening'inia, alinigeukia na kuuliza, "Imekuwaje? Imekuwaje?" Nilijua ilivyokuwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. "Mbao imepasuka," nilisema. Mtu aliyekuwa karibu akarudia, na mwingine akarudia, na hadi mwili wa Nyangi ulipotolewa ilikuwa habari kamili, yenye mashahidi waliosikia mlio.

Ryoba alifika alasiri kwa baiskeli ya kuazima. Alikaa na mkewe kwanza. Baadaye niliona anakwenda kwenye gari lililolala, anapiga magoti, anaingiza mkono, anakaa hapo. Alivua shati, akafunga kitu ndani yake, akakichukua kwapani. Watu waligeuza nyuso pembeni. "Anaficha aibu yake," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu, na nilishukuru kwamba amesema.

Baada ya mazishi wazee walikaa ritongo, baraza lao, katika darasa la shule ya msingi. Wanawake hatukuingia, nilisimama nje ya dirisha pamoja na wengine. Swali lilikuwa moja. Kama kosa ni la gari au la waliolitunza, nyumba yetu ingetoa ng'ombe kwa nyumba ya Ryoba, na ng'ombe tuliobaki nao walikuwa tisa. Mwita alikuwa mahabusu Mugumu na mkono umefungwa, kwa hiyo hakuwepo wa kutusemea. Nilikuwa nimeamua kwamba wakiniita nitasema yote. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na huenda hata ni kweli. Hawakuniita. Ryoba alisimama. "Mbao ni zangu," alisema. "Nilizichonga mimi, nikazipeleka mimi, sikuombwa na mtu. Sidai ng'ombe wa nyumba yoyote." Mzee mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo zilipasuka?" Ryoba alikuwa amekwisha kuketi. "Nimesema mbao ni zangu, mura," alijibu. Jambo likafungwa. Nje, mwanamke aliyekuwa kando yangu alinishika mkono akasema Mungu ametuepushia makubwa.

Na kweli yalituepuka sisi. Niliolewa na yule mwalimu baada ya mavuno, nikaenda chuo, nikafundisha, nikazaa. Kwa Ryoba mambo yalikwenda kombo. Wakwe zake walidai ng'ombe wa kuwafuta machozi, akatoa aliokuwa nao. Wachezaji waliacha kununua viatu vyake, kwani nani angevaa mguuni mti ulioua, na hata wale ambao wangenunua hakuwachongea. Tezo ililala darini. Alilima mihogo kwenye shamba lenye mawe. Robi aliishia darasa la saba, msichana aliyekuwa anajua kugawanya kwa kichwa kabla ya wenzake kushika penseli. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa nampelekea madaftari ya zamani na sukari, nikasifiwa kwa moyo wangu mzuri. Mwita aliuza gari kwa vyuma chakavu, akahamia Musoma, akafa miaka kadhaa iliyopita akiamini habari ya mbao. Hata yeye sikumwambia.

Nilimtembelea Ryoba mara mbili au tatu kwa mwaka. Alinikaribisha katika kile chumba cha kuchongea, ambacho sasa kilikuwa na kitanda na sakafu ya udongo mtupu. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda. Aliuliza habari za watoto wangu kwa majina yao. Wakati mwingine mazungumzo yalikwisha na tukakaa tu, na kila mara alikuwa yeye anayekaa kimya kwa muda mrefu zaidi, akiniangalia bila ubaya wowote. Nilidhani ni uzee, baadaye nikadhani ni upweke. Mara moja, miaka mingi iliyopita, nilifungua mdomo. Nilisema, "Tata, ile Jumamosi..." Akaweka chombo chake chini akasubiri, na uso wake ukawa macho kuliko nilivyowahi kuuona. Nikasema, "Ile Jumamosi ilikuwa na jua kali." Alisubiri kidogo tena. Kisha akainua chombo chake na kusema kwamba ndiyo, lilikuwa kali.

Tulimzika Ryoba kesho yake, saa nane. Wanawake walikuwa wamepika nyama na ugali katika masufuria makubwa, na wazee walikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa, wakizungumzia bei ya ng'ombe na mpaka wa shamba la mtu. Nilikuwa nasubiri heshima itimie ili niondoke. Robi alinijia, mwanamke mzima sasa, ana mabega ya mama yake, akaniambia niingie ndani mara moja. Chumba kilikuwa na giza, akafungua dirisha. "Mzee alisema akiondoka, Mwalimu akija tumpe kitu chake," alisema. "Ni kauli yake, 'kitu chake.' Hatujui ni nini." Alivuta kutoka uvunguni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikitambua kitambaa kabla ya kingine chochote. Lilikuwa shati lake la siku ile.

Ilikuwa mbao ya upande wa kushoto. Niliishika ikiwa nzito vilevile, na mafuta ya ng'ombe bado yaling'aa pembeni. Haikuwa na ufa hata mmoja. Tundu la katikati halikuwa tena duara, lilikuwa limetanuka na kulika ukingo mmoja, na ubavuni, pale miguu ya yubolti ilipopita, kulikuwa na mikwaruzo minne mirefu ya chuma kilicholegea kikichezacheza. Mchonga mbao aliyeishika mara moja tu alikuwa amesoma kila kitu, akiwa amepiga magoti kando ya gari, na mkewe amelazwa barabarani. Alikuwa amesikia sauti yangu mwenyewe ikisema nimekaza. Alijua alipoingia ritongo. Alijua alipotoa ng'ombe kwa wakwe zake, na alipokuwa ananiuliza habari za watoto wangu kwa majina, na aliposubiri siku ile, chombo chake kikiwa chini. Nikakaa kitandani kwake.

Robi aliichukua mikononi mwangu akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliigeuza upande huu na upande ule, taratibu, akipitisha kidole gumba. "Ndiyo hii iliyompasukia mama?" aliuliza. Akaendelea kuigeuza. "Mbona sioni palipopasuka?"

Nilikuwa na jibu tayari. Mbao zilikuwa mbili, Robi, iliyopasuka ni ile nyingine. Lilikuwa jibu zuri, lisilo na wa kulipinga duniani, na lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno yangu, kama lilivyokuja lile la kwanza.

"Haikupasuka," nilisema. "Nati hazikukazwa. Ilikuwa kazi yangu, na siku ile sikuifanya. Mama yako aliniuliza, nikamwambia nimekaza."

Hakulia na hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, "Baba alijua?" nikasema ndiyo, alijua siku ileile. Halafu aliiweka juu ya magoti yangu, akaenda mlangoni, akaufungua wazi, akawaita wazee waliokuwa kwenye mabenchi. "Wazee wangu, naomba mje karibu," alisema. "Mwalimu ana neno." Nikasikia mabenchi yakivutwa. Nikainyanyua mbao ile kwa mikono miwili, nikatoka nje.